Nilitia Sahihi kwa Mkono wa Kushoto. Je, Nimeshapoteza Haki Yangu?

Mshauri wangu, kabla sijaomba msaada naomba radhi kwa mwandiko, kwa sababu naandika kwa mkono ambao haukwenda shule, mkono wa kushoto, na barua hii imenichukua siku nne, naandika watoto wakiwa darasani na naificha chini ya godoro mume wangu akirudi, si kwamba ana tabia ya kunipiga, la hasha, mume wangu ni mpole, na upole wake ndio unaonimaliza kama utakavyoona.

Mimi ni mjalidi, yaani mtu wa kufunga vitabu, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha uchapaji cha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye baba yao alipofariki ndiye aliyesimamia harusi yetu tangu mwanzo mpaka mwisho, akampa mdogo wake kazi ya kuendesha gari la mizigo na mimi akanipa meza ya ujalidi, kwa hiyo ukiuliza nani ametushika mkono jibu ni yeye, na yeye mwenyewe hasahau kulitaja. Huko kwenye ujalidi hatuhesabu miezi kama watu wengine, tuna msimu wa kalenda, msimu wa madaftari ya shule, msimu wa kadi za harusi, na katikati yake vitabu vya risiti na fomu za maofisi, na nikwambie ukweli, mjalidi hasomi, anahesabu, karatasi zinakuja kifudifudi, unazipepea kwa vidole tano tano bila kuangalia, unazigonga mezani mpaka kingo zilingane, unaweka kadibodi chini na tofali juu, unapaka gundi ubavuni, basi, unaweza kufunga kitabu cha matusi ya kukutukana wewe mwenyewe na usijue. Gundi yangu nilikuwa naitia rangi nyekundu kidogo, wenzangu wakinitania kwamba napaka vitabu rangi ya mdomo, lakini ilikuwa alama yangu, kitabu kikirudi kimeachia nijue ni changu au si changu, na changu hakikurudi hata kimoja.

Sasa katika chumba cha nyuma kuna mashine ya kukatia karatasi, kubwa, nzee, ina kisu kirefu kuliko mkono wangu wote, na ina vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vimetenganishwa makusudi kwa sababu kisu hakishuki mpaka uvibonyeze vyote kwa pamoja, maana yake mikono yako yote miwili lazima iwe nje, ndiyo usalama wake. Lakini ukikata hivyo kazi inakwenda polepole, karatasi zinasogea, unaachia, unazinyoosha, unabonyeza tena, na shemeji ana saa ukutani na haachi kuitazama, basi tukazoea, sijui nani alianza, kukunja kipande cha kadibodi mpaka kikawa kigumu na kukisokomeza kwenye ukingo wa kitufe cha kulia kikabaki kimezama, ukawa unabonyeza cha kushoto peke yake na mkono wa kulia unashikilia karatasi. Kile kipande tulikiita mke mwenza, anakupunguzia kazi lakini usimwamini. Kila mtu alikuwa na wake, na hapa ndipo pa kwanza ninapokiri, mshauri, kwamba wake wenza wote wa kiwanda kile niliwakunja mimi, kwa kuwa mkunjo wangu ulikuwa hauachii, mtu anakuja ananiambia, "Dada, wangu kachoka, nikunjie mwingine," namkunjia, tunacheka, na shemeji akipita anaona, siku moja alisimama akautazama mkunjo wangu akasema, "Naona mmeanza kutumia akili," akaenda zake.

Zamani mashine ile ilikuwa na mwenyewe, mwanamume tuliyemwita Mzee Kisu ingawa hakuwa mzee hata kidogo, lakini msimu mmoja wa kadi tukafika asubuhi hayupo, tukaambiwa amerudi kwao kulima, hakumuaga mtu, tukamsema kwamba hana shukrani, na mimi nikakabidhiwa mashine juu ya kazi zangu za mezani.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa madaftari, shule zimekaribia kufunguliwa, gari la mume wangu limesimama mlangoni linasubiri mzigo, shemeji anazunguka kila dakika tano, na mimi nimeshakata tangu asubuhi, mwili umeshika mwendo wenyewe, sukuma, bonyeza, vuta, sukuma, bonyeza, vuta, ndipo akaja nyuma yangu akauliza, "Shemeji, bado mafungu mangapi?" Nikageuka kumjibu, mshauri, kwa sababu mkubwa hajibiwi kwa mgongo, nimelelewa hivyo, na yeye mwenyewe ukimjibu bila kumtazama ananuna siku nzima, nikageuka nikasema, "Bado manne, shemeji," na mkono wangu wa kushoto, ambao haukugeuka pamoja nami, ukaendelea na kazi yake. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, ileile ya siku zote, ya kisu kikipita kwenye karatasi. Vidole viwili vyote na nusu ya cha tatu, vya mkono wa kulia. Na wa kwanza kusema neno alikuwa shemeji, alisema, "Toeni hayo madaftari yasilowe."

Kesho yake mume wangu alikuja hospitali na karatasi, ameikunja kwenye mfuko wa shati, akasema, "Kaka anasema ni utaratibu tu, ili ofisi ilipe matibabu," nami nilikuwa na dawa kichwani, chumba kinaelea, namwona mume wangu kama wawili, nikasema sawa, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko nikatia sahihi kwa wa kushoto, na yeye mume wangu akaishikilia karatasi isiteleze, kwa mikono yake miwili, yote mizima. Ilikuwa fomu iliyochapwa, inasema, mimi nafasi tupu nakiri kwamba nimeumia nafasi tupu kwa uzembe wangu mwenyewe na sitadai chochote kwa mwajiri wangu sasa wala baadaye, na kwenye zile nafasi mume wangu alikuwa ameshajaza jina langu na neno vidole. Lakini nisichokisahau si maneno, ni ubavu wa karatasi ile, kwa juu, palikuwa na gundi nyekundu. Gundi yangu. Nikakikumbuka kitabu chenyewe, nilikifunga msimu wa kalenda, miezi mingi kabla ya ajali, kitabu kimoja tu cha fomu hamsini, kwenye kikaratasi cha kazi hapakuwa na jina la mteja, pameandikwa matumizi ya ofisi, nikazipepea, nikazihesabu, hamsini, nikapaka gundi, wala sikugeuza hata moja nikaona upande wa pili. Kwenye kona palikuwa na namba, sifuri tatu na tisa, nikawa naitazama ile tisa huku nahangaika na sahihi kama mtoto wa chekechea. Sijui kwa nini nakuandikia upuuzi huu, labda kwa sababu unanichekesha, mtu kujitengenezea mwenyewe karatasi ya kumziba mdomo, kwa gundi nzuri isiyoachia.

Sasa ni mwezi wa kumi tangu niumie. Mwezi mmoja baada ya mimi kutoka hospitali mume wangu alipandishwa cheo, si dereva tena, ni msimamizi wa mizigo, ana meza yake yenye kioo juu, na mimi shemeji amenitunuku kazi ya kukaa getini kuandika majina ya wageni kwenye daftari, nimekataa, na kwa kukataa nimeitwa mwenye kiburi. Nyumbani binti yangu ananiomba nimsuke, akiona nahangaika anasema, "Basi mama, nitakaa hivihivi," anakwenda shule na kichwa kama alichoamka nacho. Mama mkwe akija anaweka kijiko kwenye sahani yangu peke yangu, bila neno, wengine wote wanakula kwa mikono. Watu wakinisalimia wananyoosha mkono halafu wanakumbuka, wanaurudisha, wanajikuna shingo. Na usingizini bado napepea karatasi, tano, kumi, kumi na tano, kwa vidole ambavyo havipo.

Muuguzi aliyekuwa ananibadilishia bandeji ndiye aliyeniambia kuna kitu kinaitwa madai, kwamba mtu akiumizwa kwa kosa la mwingine anaweza kudai fidia mahakamani bila hata polisi kuhusika, na akaniambia nisikae sana maana kuna muda ukipita mlango unafungwa. Nikamwambia mume wangu. Hakukasirika, laiti angekasirika, aliniangalia kwa upole akasema, "Mama watoto, utamshtaki kaka? Na hii meza niliyopewa nitaiweka wapi?" Mama mkwe akaitisha kikao, akasema, "Mwanangu, vidole havioti tena hata ukipewa benki nzima. Wanangu ni wawili tu, usinigawanyie." Shemeji hakuja kwenye kikao, alituma neno, kwamba nikifungua mdomo na yeye atafungua droo, kwa sababu yule mke mwenza aliyekuwa kwenye mashine siku ile amemhifadhi, na kiwanda kizima kinajua ni mkunjo wa nani.

Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Mashine sasa anaifanyia kazi mwenzangu tunayemwita Kicheko, mama wa watoto watatu, rafiki yangu wa kula sahani moja. Wiki tatu zilizopita alikuja kunitazama, tukazungumza, tukacheka kidogo, halafu akatoa kipande cha kadibodi kwenye mkoba, anaona haya, akasema, "Dada, nisamehe kwa kukuuliza hili. Nifundishe mkunjo wako, wangu unaachia." Na mimi nikamfundisha. Nilitumia mkono wa kushoto na meno, nikamkunjia akaona, akashukuru, akaondoka, na tangu siku hiyo chakula hakipiti kooni.

Mshauri, nipe ukweli hata kama mchungu. Je, niliyetia sahihi nimeshapoteza haki yangu? Na mtu aliyekunja mwenyewe kitu kilichomkata, anaweza kusimama mbele ya hakimu akamnyooshea mwingine kidole? Nasema kidole, na hata hicho cha kunyooshea sina.

Ni mimi,
Mkono wa Kushoto


MSHAURI ANAJIBU

Mkono wa Kushoto, mwandiko wako nimeusoma bila miwani, kwa hiyo radhi ya mwandiko siihitaji. Barua yako niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikamkasirikia shemeji yako, ya tatu nikakukasirikia wewe. Nitakujibu kwa mpangilio huohuo, na huruma nitaifupisha kwa sababu naona wanaokuhurumia wamekujaa nyumbani na hakuna aliyekusaidia.

Pole, dada. Pole kwa vidole, pole kwa kazi uliyoipenda, na pole zaidi kwa kile kijiko. Pole pia kwa mume mpole. Mimi nilikuwa karani katika masijala ya madai kwa miaka ishirini na miwili, nikipokea majalada na kuyagonga mihuri, na waume wa aina hiyo nimewaona wengi wakisimama kwenye korido wamemshikia mke mkoba huku wanamnong'oneza arudi nyumbani. Hakukuumiza. Alishikilia karatasi tu. Sikwambii umwache, si swali uliloniuliza. Nakwambia usimwombe ruhusa. Mpe taarifa, mpe siku hiyohiyo unayotoka kwa wakili, na meza yake ya kioo atajua mwenyewe pa kuiweka.

Sasa swali lako la pili kwanza. Unazungumza kana kwamba kosa ni shati moja, likivaliwa na wewe yeye hawezi kulivaa. Umekosea, na shemeji yako anafurahi sana ukiendelea kukosea hivyo. Kwenye madai kosa linagawanywa. Hakimu anaweza kusema kipande hiki ni cha mfanyakazi kwa kuchezea kitufe, akakipunguza katika fidia yako, na kinachobaki kikalipwa na mwenye kiwanda. Maana mwenye mashine ana wajibu wa kukulinda, hata wewe ukiwa na haraka, hata ukiwa mzembe, hata ukiwa mjinga. Ndiyo maana aliyeitengeneza mashine ile aliweka vitufe viwili, hakutegemea busara ya mtu aliyechoka. Na mashine ni ya nani? Saa ya ukutani ni ya nani? Ni nani aliyesimama akamwona huyo mke mwenza, asimtoe, akawasifu kwa akili? Ni nani aliyekuja kumsemesha mtu aliyeweka mkono chini ya kisu? Wewe uligeuka kwa adabu. Yeye alikuwa amekuja kukuharakisha.

Anatishia kufungua droo? Mwache afungue. Afungue mahakamani, mbele ya hakimu na makarani, na ikiwezekana achelewe kuifunga. Siku atakapomtoa yule mke mwenza hadharani atakuwa amesema kwa mdomo wake kwamba alijua yupo, alijua anatumika, na baada ya ajali alichofanya ni kumficha badala ya kumkomesha. Dada, adui yako amekuwekea ushahidi mahali pakavu. Usimzuie.

Kuhusu sahihi. Karatasi aliyotia sahihi mtu mwenye dawa kichwani, siku ya pili baada ya kukatwa, kwa mkono asioutumia, akiambiwa ni ya kulipia hospitali wakati inasema jambo jingine kabisa, karatasi hiyo inaweza kupingwa. Sikwambii itaanguka yenyewe, mawakili wao wataishikilia kwa meno. Nakwambia usiiogope kama hukumu, kwa sababu si hukumu. Waambie hospitali wakupe maandishi ya dawa ulizopewa siku ile na saa ulizopewa. Muuguzi wako mtafute akiwa bado anakukumbuka, huyo amekuwa mshauri mzuri kuliko mimi, maana yeye alikwambia mapema.

Lakini ile fomu sijaimaliza. Wewe umeniandikia habari za gundi nyekundu ukaita upuuzi. Upuuzi! Miaka yote hiyo ya kuhesabu, halafu jambo pekee lililokuwa la kuhesabiwa ukalipita. Hebu soma tena barua yako mwenyewe, na safari hii soma, usipepee. Kitabu ulikifunga msimu wa kalenda. Uliumia msimu wa madaftari. Kwa hiyo miezi mingi kabla ya kisu kukugusa, shemeji yako alikaa ofisini, akatunga maneno ya kukiri uzembe, akaacha nafasi ya jina na nafasi ya kiungo, akayapeleka kwenye mashine yake mwenyewe ya kuchapa, akaagiza hamsini. Mtu hachapi fomu hamsini kwa ajali ambayo hajui kama itatokea. Alijua. Angeweza kuita fundi akazuia kile kitufe kisisokomezwe kitu, ni kazi ya asubuhi moja. Yeye akaona rahisi zaidi kuchapa karatasi, na akakupa wewe uzifunge.

Na yako ilikuwa namba tisa.

Huenda zile nane za kwanza ni karatasi zilizoharibika kwenye kuchapa, siwezi kuapa. Huenda ni mmoja aliyeungua na mwingine aliyeangukiwa na marobota. Mimi na wewe hatujui, na hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu mahakama inaweza kumwamuru akilete kitabu chote mezani, fomu zilizojazwa na zilizobaki, namba moja mpaka mahali alipofika. Mwambie wakili wako aombe hilo kabla ya jambo lolote, kabla kitabu hakijaungua kwa bahati mbaya. Wakati huohuo mtafute Mzee Kisu, yule mliyemsema kwamba hana shukrani. Uliza kwa jamaa zake, uliza kwa waliomuuzia tiketi. Ukimwona, kabla hujamweleza chochote, mwombe mkono umsalimie. Kama ataunyoosha wa kushoto, keti mzungumze.

Muda nao unakwisha. Ukomo wa kufungua madai unatofautiana, kwingine ni mwaka, kwingine ni mitatu, na madai ya kazini mara nyingi yana muda wake mfupi zaidi wa kutoa taarifa. Wewe una mwezi wa kumi na bado unangoja mama mkwe aache kununa. Nimepokea majalada mazuri, yenye haki tupu ndani yake, nikayarudisha dirishani kwa sababu ya siku sita, na wenyewe walikuwa wakisubiri hivyohivyo, kikao kimoja zaidi, wiki moja zaidi. Mama mkwe anasema usimgawanyie wanawe. Mwambie kwa heshima zote kwamba hushtaki ukoo, unadai kiwanda, na kwamba haya ni madai, hakuna anayekwenda jela. Uliza pia kama kiwanda kilikuwa na bima ya wafanyakazi. Isije ikawa unamwonea huruma shemeji kwa fedha ambazo si zake, au mbaya zaidi, fedha ambazo zimeshatoka kwa jina lako.

Kama huna cha kumpa wakili, nenda kituo cha msaada wa kisheria, wapo, wanakaa kwenye vyumba vya joto na foleni ni ndefu, panga foleni. Nenda na cheti cha daktari, picha za mkono wako, barua yoyote inayoonyesha uliajiriwa, na majina ya waliokuwapo siku ile. Na usikubali kazi ya getini. Kama umekataa kwa kiburi, basi kiburi chako kina akili kuliko wewe, kishike.

Nimebaki na hasira yangu ya tatu.

Ulikuwa mtu pekee katika kiwanda kile mwenye sababu ya kusema hapana. Mwenzako, mama wa watoto watatu, alikuletea kadibodi mpaka nyumbani, akakuuliza akiona haya, maana yake moyoni alikuwa akitamani umkataze. Wewe ukashika kwa meno ukamkunjia. Najua kwa nini. Ulitaka kwa dakika moja kuwa tena yule fundi ambaye mkunjo wake hauachii. Naelewa, na sikusamehei, kwa sababu mkunjo huo uko kwenye mashine sasa hivi unaposoma gazeti hili. Shemeji yako alitenda kosa lake akijua. Wiki tatu sasa na wewe unajua, na chakula kutopita kooni si adhabu inayomsaidia Kicheko hata chembe.

Kwa hiyo wakili ni wa pili. Kwanza, leo, kabla hujalikunja gazeti hili, nenda kwa Kicheko. Mwonyeshe mkono wako karibu, aweke kiganja chake juu yake, aushike, maana nahisi hajawahi. Msomee maneno ya ile fomu, nafasi tupu zote mbili. Mwambie amtoe yule mke mwenza na abonyeze kwa mikono miwili hata saa ya ukutani ikipasuka. Usimchane ukamtupa, mtie kwenye bahasha uandike tarehe, huo nao ni ushahidi. Na akikuuliza kuna haraka gani, mwambie kile kitabu ulikihesabu mwenyewe kikawa hamsini, na namba kumi bado haijaandikwa jina.